Nyasi za Meza ya Mwongeli

Jumatatu saa mbili asubuhi Mwongeli alipangusa vumbi mezani, akachomoa majani mawili ya nyasi katikati ya herufi za kibodi, akayatia kwenye mfuko wa sweta. Kisha akaanza kuandika oda za vigae.

Ilikuwa mwaka wa 2006, Kitengela, kwenye kampuni ya vigae kando ya barabara ya Namanga. Ofisi ile ilikuwa na tabia moja: mtu akitumia mtandao kwa mambo yake wakati wa kazi, kibodi yake inaota nyasi. Dakika kumi, majani mawili. Saa nzima, konzi ya nyasi. Fundi wa kompyuta aliletwa kutoka Nairobi, akatazama, akasema kuna ofisi anayoijua inayoota kunde, na kunde ni mbaya zaidi.

Meneja, Bwana Wakhungu, alibandika tangazo: meza itakayokutwa na nyasi Ijumaa saa kumi, mwenyewe asirudi Jumatatu. Alikagua mwenyewe, na rula mkononi. Siku nyingine zote mlango wake ulikuwa umefungwa kutwa, maana meneja ana kazi nyingi, si ndio?

Mwongeli alikuwa akisomea digrii ya ugavi kwa masafa, mwaka wa mwisho. Majani yake machache alikuwa akimpa Nalangu, mama aliyesimama getini kila siku saa saba na ng'ombe wake wa mwisho kati ya kumi na mmoja. Kiangazi kile kilikuwa kimefagia Kajiado yote.

Mradi wake ulitakiwa kufika chuoni Ijumaa hiyo kabla ya saa kumi na moja, la sivyo anarudia mwaka. Saiba ya mtaani, duka la mtandao, ilikuwa imeibiwa waya. Aliomba ruhusa ya saa moja tu kutumia laini ya ofisi. Wakhungu akamwambia kampuni inauza vigae, haiuzi digrii. Ilimuuma. Alienda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kwenye oda.

Ijumaa saa saba hakwenda getini. Alianza kutuma mradi, kurasa tisini, na laini ilikuwa ikijikokota. Kufikia saa nane nyasi zilikuwa zimefunika herufi zote. Kufikia saa tisa zilimfika kwenye viwiko. Saa kumi kasorobo jibu likaja kwamba mradi umepokelewa. Alishusha pumzi, akajaribu kung'oa nyasi. Mizizi ilikuwa imeshika meza.

Nalangu alipochoka kungoja, Kiilu mlinzi alimfungulia geti. Aliingia ofisini na ng'ombe wake, akajipangusa miguu mlangoni.

"Supa," alimsalimia kwa Kimaasai. "Leo hukuja."

"Ipa, mama. Nyasi iko hapa, lakini imekataa kutoka."

"Wewe ondoa mikono."

Ng'ombe alikula mpaka kwenye herufi, akalamba mbao. Halafu akainua pua, akanusa, akapita meza zingine zote na kusukuma mlango wa meneja kwa pembe.

Ndani nyasi zilifika kifuani, kutoka dawati hadi dirishani, na ndege wawili, yangeyange weupe, walikuwa wakitembea humo. Wakhungu alionekana kichwa na tai tu. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na picha za magari ya Japani. Nyani haoni kundule, na mimi sitaongeza neno. Wafanyakazi walitazama kidogo, wakarudi kazini. Ng'ombe akaanzia kizingitini.

"Hizi ni za usimamizi," alisema Wakhungu.

Alitoka na rula yake, akapima meza ya Mwongeli. Sufuri. Akagusa kibodi kwa kidole, akakipangusa kwa leso.

"Nyasi haina. Lakini iko na mate," alisema, akamwandikia barua ya onyo kwa kuleta mifugo ofisini. Barua ile iko kwenye faili mpaka leo.

Jumatatu tangazo liliongezewa mstari: haliihusu ofisi ya meneja. Basi Kiilu akawa anafungua geti kila siku saa nne, na ng'ombe wa Nalangu anaingia moja kwa moja mpaka kwa meneja. Jirani zake wakaleta ng'ombe wao. Wakhungu aliwazoea, akawa anainua miguu wapite. Hakuna ng'ombe hata mmoja wa mtaa ule aliyekufa tena, na wa Nalangu akazaa.

Matokeo yalikuja Novemba, Ijumaa, saa kumi kasoro dakika tano. Mwongeli aliyafungua palepale mezani, akayasoma mara nne. Amepita. Jani moja likachipuka kando ya herufi M, na Wakhungu alikuwa tayari anakuja na rula yake.

Mwongeli alilichomoa akalitia mdomoni. Akawa analitafuna taratibu, bila haraka, Wakhungu akipima. Alikuta sufuri, akaandika sufuri, akarudi kwenye nyasi zake.