Spoki ya Kumi na Saba

Mpwa wangu ni mkerezaji. Anachonga shafti za pampu katika karakana yenye kelele ambayo ukiizoea huisikii tena mpaka izimwe. Ana miaka arobaini na minne, mikono ya mama yake, na hana subira na watu wa aina yangu. Mimi ni kiguu na njia. Nimefanya kazi melini, migodini, jikoni kwa watu. Miaka mitatu sehemu moja, hiyo ndiyo rekodi yangu.

Safari hii niliporudi kwa dada nikaikuta pikipiki yangu ya ujana sebuleni. Injini juu ya meza ya chakula, imetandikiwa magazeti, na shemeji anakula amepakata sahani, wala halalamiki. Pikipiki ile imemzidi mpwa wangu umri. Niliitelekeza nyuma ya nyumba, injini imeganda. Yeye akaifungua, Jumapili baada ya Jumapili, kwa miaka sita. Pistoni kachonga mwenyewe. Vali kachonga mwenyewe. Alitaka jambo moja tu: kuvunja rekodi ya pikipiki kongwe za silinda moja, kilomita mia na sabini na moja kwa saa, ambayo haikuguswa kwa miaka kumi na tisa.

"Nipe kazi na mimi," nikamwambia.

"Kazi, mjomba? Na utaimaliza?"

"Nipe uone."

Akanipa magurudumu niyasuke upya. La nyuma lina spoki arobaini, vile vijiti vya chuma vinavyoshika ringi, na kila kijiti kina nati yake ndogo kama punje ya mchele. Ukikaza huku, ringi inavutwa kule. Nilikaa jikoni na gurudumu mapajani wiki nzima. Mara tatu alikuja, akalizungusha, akasema, "Linacheza. Fungua yote."

Mara ya nne, siku mbili kabla ya kuondoka kwenda mashindanoni, nati ya spoki ya kumi na saba ikafa uzi, haishiki tena. Ya akiba sina. Sasa, barabarani nimejifunza kwamba kitu si lazima kiwe kizima, kikufikishe tu. Nikakata kipande cha bati la kopo, nikakizungushia kwenye uzi, nikadondosha gundi ya chuma, nikakaza. Nilipoigonga ikalia kama wenzake. Sikumwambia mtu.

Mashindano yalikuwa kwenye sakafu ya ziwa lililokauka, siku tatu tu kwa mwaka. Njia kilomita nane, nyeupe, haina hata kijiwe. Jirani yetu pale kambini alikuwa na pikipiki nyekundu na mdomo mrefu.

"Dada, hilo chuma umelifukua makaburini?"

"Ndiyo," mpwa wangu akajibu, "na waliolala huko wanakusalimu. Wanasema unachelewa."

Siku mbili za kwanza alifanya majaribio, akaipandisha mwendo kidogo kidogo. Jioni ya pili akaja mkaguzi, mama mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Akagonga spoki zote za gurudumu la nyuma kwa penseli, ameinamisha sikio. Zote arobaini zikampendeza.

"Nani kasuka hili?"

"Mjomba wangu," mpwa wangu akasema, kidevu juu.

Nimeitwa mengi katika maisha haya. Lakini kuitwa mjomba kwa sauti ile, ya mtu anayejivunia, ilikuwa mara ya kwanza, na ilinichoma kuliko tusi.

Asubuhi ya mwisho upepo haukuwapo kabisa. Bendera ililala kama kitambaa cha jikoni. Mpwa wangu alikuwa wa pili kwenye foleni, anavaa glavu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ya kilomita nane, na ningemtazama hatua kwa hatua.

"Vua glavu," nikasema.

"Nini?"

"Gurudumu la nyuma. Spoki ya kumi na saba kutoka kwenye valvu ya upepo. Nati haina uzi, nimeishika kwa bati na gundi."

"Na jana ukaniacha nikaipanda?"

"Nilikuacha."

Hakunitukana. Bora angenitukana. Alimwinulia mkono mwenye bendera, akaisukuma pikipiki pembeni.

"Ukitoka unarudi mwisho," yule bwana akamwonya. "Saa tatu upepo unaamka."

"Nitarudi mwisho." Akanigeukia. "Mjomba, kaombe nati."

Nikaenda kwa yule wa pikipiki nyekundu, kofia mkononi. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akachakura sanduku lake. "Chukua tatu, babu. Moja ya kufunga, moja ya kupoteza, moja ya kujifunzia."

Nikatoa tairi, nikatoa mpira wa ndani, nikafunga nati nzima, nikalinyoosha gurudumu upya. Mpwa wangu alikaa chini kando yangu, hakugusa kitu. Nikagonga spoki moja moja. Zilipofika arobaini nikaanza tena moja.

Zamu yake ilipofika bendera ilikuwa imesimama. Rekodi inataka mwendo wa kwenda na wa kurudi ndani ya saa moja, halafu wanachukua wastani. Kwenda, upepo ulimsukuma: mia na sabini na nane, nukta nne. Kurudi ulikuwa usoni. Nilimwona akitokea mbali kama nzi, amelala juu ya tangi, kiwiliwili kimetoweka, na nakiri sikumtazama yeye. Nilitazama gurudumu. Lilipita limenyooka kama mstari wa rula. Mia na sitini na saba kamili.

Aliposimama vidole havikufunguka. Nilimbandua kimoja kimoja kwenye mshikio.

"Wastani?"

"Mia na sabini na mbili, nukta saba."

"Rudia."

Nikarudia. Akaniambia tena nirudie, na tena, mpaka yule wa pikipiki nyekundu akamtajia yeye, kwa sauti, huku anapiga makofi.

Tangu siku ile sijakutana na mtu nisimwambie. Kinyozi anajua, muuza magazeti anajua, daktari wa meno aliambiwa mdomo wangu ukiwa na koleo ndani: mpwa wangu ana rekodi, na pikipiki kaijenga kwa mikono yake. Wakiniuliza mimi nilifanya nini, nawaambia nilimchelewesha.