Majivu Kwenye Mkeka wa Salome

Jumamosi asubuhi, baada ya kunywa chai, Bibiana alitoa vitu vya mjukuu wake Salome kwenye pembe ya baraza akavianika juani. Vifuniko vya soda alivisugua kwa mchanga. Kigari chenye magurudumu ya ndala alikitia msumari mpya. Mwanasesere wa gunzi alikuwa ameliwa kichwa na panya, basi akatafuta gunzi jingine nene, akalifunga kipande cha kitenge. Kreti la soda alilisimamisha ukutani likawa kabati. Akapaka chokaa, akatandika mkeka, akaenda kubandika maharage.

Aliporudi, mkeka ulikuwa mweusi.

Ni majivu ya miwa. Pale Kidodi, wakichoma shamba ili wavune, majivu huangukia kila kitu, nguo za kambani, uji wa mtoto, hata upara wa katekista. Lakini siku hiyo hakuna shamba lililochomwa, na ua wote wa Bibiana ulikuwa safi. Majivu yaliangukia mkekani tu.

"Wewe Bibiana, kiuno hakikuumi?" Magreth, jirani yake, alichungulia juu ya wigo. "Unamwandalia nani? Mwenyekiti wa chama kasema mtoto yuko Dumila kwa mama yake."

"Mama yake analia kwenye simu kila siku, anamuulizia."

"Basi labda alipitilizwa na basi, saa hizi anakula zabibu Dodoma." Magreth akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akarudi kwenye dagaa wake.

Bibiana alifagia. Majivu yakaanguka tena. Alifagia na Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu, mwisho akaona anajichosha bure, akayaacha. Yakaanza kujikusanya. Jioni moja yalikuwa yamekaa kitako. Kesho yake yalikuwa na magoti, na kwenye goti la kushoto kulikuwa na lile kovu la Salome la kujikata na bati.

"Shikamoo bibi," yakasema.

"Marahaba, mama. Usisogee huko kwenye upepo."

Bibiana akatafuta viroba vitupu vya sukari, akavipigilia upande unaotokea upepo. Salome akachukua gunzi, akaanza kulibembeleza.

Desturi ya mashamba yale ni kwamba kabla ya kuwasha moto, mtu mmoja huzunguka shamba zima akipuliza filimbi, kisha husimama akasikiliza. Watoto hupenda kuingia shambani kuvunja miwa ya kutafuna, na jua likiwa kali hulala humo humo, au huwalaza wadogo waliowabeba mgongoni, maana ndani kumepoa. Mpuliza filimbi wa chama cha wakulima alikuwa Kasian, mwana wa Bibiana, baba yake Salome. Siku Salome alipopotea, malori yalikuwa yameshapanga foleni, na mwenyekiti Urbanus alisema leo hakuna muda wa kuzunguka. Kasian akaitia filimbi mfukoni, akawasha kiberiti.

Hakuna kilichookotwa. Kwa kuwa hakuna kilichookotwa, chama kilisema hakuna aliyekufa. Na kwa kuwa hakuna aliyekufa, hapakufungwa turubai, watu hawakulala matanga, katekista hakuitwa. Bibiana alipoanza kulia kwa sauti, wakamnyamazisha, wakasema anamchuria mtoto. Ikabidi kilio akimeze, na mpaka leo kilikuwa kimemkaa kifuani kama tonge kavu.

Jioni Kasian alirudi, akavua mabuti.

"Shikamoo baba," Salome alimwamkia kutoka pembeni.

"Marahaba." Kasian akanawa, akakaa upande wa pili wa baraza, akala. Alikula mpaka ugali ukaisha. "Mama, pale umepatengeneza vizuri."

"Nimepatengeneza. Sasa na wewe kaseme kwenye kikao kwamba hukuzunguka. Nataka nimzike mjukuu wangu."

"Nikisema, mama, aliyewasha ni mimi. Urbanus alitamka tu, mkono wake haukushika kitu."

"Najua aliyewasha. Nimekuzaa mwenyewe."

Kasian alikusanya vyombo akaviosha, kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu aoe.

Kikao hakikumngoja. Habari za mtoto pale barazani zilifika kwa Urbanus, naye akaja mwenyewe na wajumbe, akiwa amevaa koti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni."

"Shikamoo babu," alisema Salome.

"Marahaba, hujambo?" Urbanus aliitikia, kwa sababu salamu ya mtoto haiachwi hewani. Akavuta kigoda, akalisifu lile kabati la kreti. Kisha akamgeukia Bibiana akiwa na uso wa mtu aliyetua mzigo. "Sasa mama, si huyu hapa? Tulikuambia tangu mwanzo kwamba mtoto hajafa, ukatuona waongo."

"Mshike mkono," alisema Bibiana.

Urbanus akaushika. Alipouachia, kiganja chake kilikuwa cheusi na kidole kimoja cha mtoto kilikuwa kimebaki humo. Akakipangusa kwa leso. "Watoto na masizi, hawaachani," alisema, na wajumbe wakacheka kidogo. "Kasian, wewe ndiye mzazi. Huyu ni Salome, siyo Salome?"

Bibiana alimtazama mwanawe. Kasian alitazama mabuti yake.

"Ni yeye," alisema.

"Basi jambo limekwisha. Msiba bila maiti hatujausikia, na mtoto mwenyewe anaamkia watu."

Wakaaga vizuri. Salome akachota majivu kwenye mkeka, akajitengenezea kidole kingine.

Wiki iliyofuata, mchana, moshi ulipanda upande wa mto. Bibiana alisimama uani, ungo mkononi, akasikiliza. Alisikia malori yakiunguruma foleni, alisikia miwa ikipasuka kwa moto. Filimbi hakuisikia. Moshi ulishakuwa mrefu kuliko minazi.

Salome aliacha mchezo wake. Akasogea mpaka ukingoni mwa mkeka, akaacha nafasi.

"Bibi, anakuja mwenzangu," alisema. "Ni mdogo, hata kukaa hajajua."

Bibiana akaweka ungo chini, akaingia ndani kutafuta kitu laini cha kumwegemezea.