Modi Arobaini na Tatu za Baba

Baba alirudi kutoka hospitali ya Mchukwi na fimbo, karatasi ya mazoezi na mpira mdogo wa kijani wa kuminya. Siku ya tatu mpira ule nikaukuta kwenye banda la kuku. Nilipomuuliza, akasema kuku nao wanahitaji mazoezi. Nikamjibu kwa sauti ya juu kuliko mtoto anavyopaswa kumjibu mzazi wake, na tukanuniana mpaka Magharibi.

Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia. Mguu ulianza kurudi, mdomo ukanyooka, lakini mkono ulilala. Mtaalamu wa mazoezi alituambia wazi kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe: mkono ufanyishwe kazi ndogondogo, mamia kwa mamia kila siku, la sivyo utazoea kulala. Baba ndiye fundi Mshamu, aliyetengeneza mashine za kukoboa mpunga hapa Ikwiriri kwa miaka thelathini na moja. Alisikiliza yote hayo. Kilichomuuma hakukisema hospitalini. Alikisema nyumbani, siku mdogo wake, baba mdogo Maneno, alipokuja kula chakula cha mchana na kumsubiri barazani kwenye sinia.

"Kuleni tu," akasema kutoka ndani. "Mie siwezi kutia mkono wa chooni kwenye sinia la watu."

Tangu siku hiyo akawa anakula chumbani peke yake, sahani mapajani, kijiko mkono wa kushoto, uso ameuelekeza ukutani. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kula bila wenzake! Mama alikuwa analia jikoni. Mimi silii jikoni, mimi hukasirika. Nikajiapiza kwamba ule mkono wa kulia utarudi kwenye sinia, Baba apende asipende.

Nyumbani kulikuwa na laptopu ya mdogo wangu Mudrick, aliyehamia Dar. Ndani yake mlikuwa na gemu la mashujaa: unachagua mtu wako, unampa jina na upanga, unazunguka naye nchi nzima, unaongea na wanakijiji na kupigana na majitu. Gemu lenyewe ni la zamani na sura yake ni mbaya, kwa hiyo mashabiki hutengeneza vifurushi vya kulipamba, huyu majani, yule mvua, mwingine nyuso za watu. Vifurushi hivyo vinaitwa modi, na Mudrick alikuwa amepakia arobaini na tatu. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nina miaka thelathini na nne, na gemu hilo nalicheza kila likizo. Atakayecheka acheke.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Baba akimwongoza shujaa kwa mausi, mkono utafanya kazi bila kuombwa. Nikaufunga waya wa mausi kwenye kona ya kulia ya meza ili mkono wa kushoto usiufikie vizuri, nikazima na kile kibao cha kugusa cha laptopu, kisha nikamketisha.

"Huyu anakwenda wapi?" akauliza.

"Popote unapotaka, Baba."

"Hana kazi huyu?"

Nilikuwa karibu kukata tamaa, ndipo shujaa alipopanda kilima na msitu mzima ukatokea mbele yake ukiwa pinki, kuanzia shina hadi majani. Mimi nilishauzoea.

"Miti gani hii?"

"Modi mojawapo ina hitilafu, Baba. Gemu linatafuta picha ya majani, halioni, linapaka pinki."

"Na wewe unaiacha hivyohivyo?" Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wenye mashine wanaosubiri mkanda ukatike ndipo wamwite. "Rukaiya, hii mashine mbovu, nawe unakaa unaitumia!"

Nikamweleza kwamba modi ziko arobaini na tatu na yoyote inaweza kuwa ndiyo yenye kosa.

"Toa mkanda," akasema.

Mashine ya kukoboa ina injini upande mmoja na kinu upande mwingine, na mkanda katikati. Ikigoma, unatoa mkanda. Injini ikiwaka vizuri peke yake, basi ugonjwa uko kwenye kinu, na umeshajipunguzia nusu ya kazi. Nikamfungulia orodha ya modi, kila moja na kisanduku chake kidogo cha kuweka tiki, nikamwambia atoe nusu.

Akapeleka mkono wa kushoto. Waya haukufika.

"Waya mfupi."

"Ndivyo ulivyo, Baba," nikamdanganya.

Akaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaubwaga juu ya mausi. Tiki ya kwanza ilimchukua robo saa. Mshale ulikuwa unateleza, kidole kinatetemeka, naye anautukana mshale kwa Kindengereko, lugha anayoitumia kwa mashine tu. Mpaka Alasiri alikuwa ametoa tiki ishirini na moja na jasho linamtoka. Tukawasha gemu: bado pinki. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye nusu iliyobaki, na kesho yake akaigawa tena, kisha tena. Siku ya tatu akaikamata: modi ya misitu, ambayo Mudrick alikuwa amehamisha folda yake ya picha ili kupata nafasi. Tukairudisha mahali pake, na kilima kikawa kijani.

"Imepona," akasema Baba. Akafunga laptopu na kugeukia ukuta.

Nilimbembeleza siku mbili aendelee kucheza. "Iko nzima," akanijibu. "Nikae nayo nifanye nini?" Hapo ndipo nilipoelewa, na nikajiona mjinga kwa kuchelewa kuelewa. Fundi hakai na mashine nzima.

Basi Jumatatu, kabla ya kwenda kufundisha, nikaiharibu.

Nilibadilisha jina la folda moja tu. Niliporudi mchana, Baba alikuwa mezani. "Limeumwa tena hili," akasema, na sauti yake ilikuwa na uhai ambao sikuwa nimeusikia tangu augue. Jumanne nikauvuruga mpangilio wa orodha, maana kuna modi zinazotaka kutanguliwa na nyingine, na ili kurekebisha ilimbidi abonyeze kila jina, alishikilie kwa kidole bila kuliachia, aliburute mpaka mahali pake. Kidole kikichoka kidogo tu, jina linaanguka katikati na anaanza upya. Nililiona jina moja likimponyoka mara tisa. Mara ya kumi likafika.

Wiki zikapita hivyo. Nilikuwa najisikia vibaya, sitaficha. Ni vibaya kumdanganya baba yako kila siku ya shule, tena huku umemwamkia shikamoo dakika mbili kabla. Lakini kidole kilikuwa kinatulia, nami sikuwa tayari kuacha. Tatizo ni kwamba alizidi kuwa mwepesi. Ikanibidi nimpigie Mudrick anifundishe makosa mapya.

"Sista, uko poa kweli?" akauliza. "Watu wote wanataka gemu liwake, we unataka life?"

"Nifundishe, usiniulize."

Mwezi wa pili wa hila hiyo nikavuka mipaka. Niliweka toleo jipya kabisa la modi ya maji, ile inayopamba mito, juu ya gemu lile la zamani, nikaenda zangu kazini. Gemu likawa linawaka, linapakia, kisha linazima lenyewe kimya, bila hata neno moja la kosa. Jumatatu Baba akalishindwa. Jumanne akagawa nusu kwa nusu mpaka akachanganyikiwa, kwa sababu modi nyingi zilikuwa zinaitegemea ile ya maji, na kila alipotoa hii, nyingine ikagoma. Jioni nikajaribu kulirekebisha kwa siri, lakini toleo la zamani nilikuwa nimelifuta, na mimi mwenyewe nikashindwa. Jumatano akasukuma mausi, ikaning'inia kwa waya wake.

"Basi," akasema. "Hili limekufa. Na mkono huu nao basi."

Sikupata usingizi. Nilikuwa nimechukua kitu pekee kilichompa nguvu, na nimekivunja kwa mikono yangu. Alhamisi nikatoka kazini nimeshaamua kumwambia ukweli wote na kumwomba radhi.

Nilimkuta mezani. Alikuwa ametoa tiki zote arobaini na tatu, na sasa anarudisha moja, anawasha gemu, anasubiri, anazima, anarudisha nyingine.

"Baba, nina neno."

"Nyamaza kwanza, nasikiliza mashine."

Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeona mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mapajani, haufanyi kitu. Wa kulia ulikuwa unakwenda peke yake, polepole, unapanda, unashuka, unabonyeza. Modi ya ishirini na tisa, ile ya maji, alipoiweka, gemu likazima. Akaitoa, likawaka. Mto ukarudi na sura yake mbaya ya zamani, lakini ulikuwa unatiririka, na Baba akagonga meza kwa ngumi ya mkono wa kulia.

Kesho yake, Ijumaa, baba mdogo Maneno alikuja baada ya sala pamoja na watu wawili wa mashineni. Mama akatenga sinia la wali wa nazi na samaki barazani. Nilikuwa nachukua sahani ya Baba kumpelekea chumbani nilipoisikia fimbo yake. Akatoka, akaketi mkekani kati ya wenzake, akanawa, akasema Bismillahi, akatia mkono wa kulia.

Tonge la kwanza lilimwagika njiani lote. Baba mdogo Maneno aliendelea kuongea habari za ndege waharibifu wa mpunga kana kwamba hajaona kitu. La pili likafika mdomoni. Siku hiyo nililia, tena mlangoni, mbele ya wageni.

Walipomaliza nikapeleka birika na beseni. Nilipokuwa nammiminia maji, Baba akainua uso akaniangalia.

"Rukaiya, mie nimeona mashine nyingi," akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. "Sijaona hata moja inayoharibika Jumatatu mpaka Ijumaa, ikapumzika Jumamosi na Jumapili."

Maji yakamwagikia mkekani.

"Za mwanzo zilikuwa za kitoto," akaendelea, huku akisugua vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja. "Hii ya maji ilikuwa kazi. Kesho Jumamosi, usinipumzishe."