Nimepokea

Mjukuu wangu tunamwita Kidoti, kwa alama iliyo shavuni mwake. Ana pumu. Kifua kikimbana tunawasha ile mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke, tunamvika barakoa ya plastiki, naye anavuta mpaka anatulia. Wiki ile barakoa ilipasuka. Nikawa naibana kwa vidole, lakini mvuke ulitoroka pembeni, na mtoto akawa anapata nusu tu ya dawa yake.

Maduka ya dawa ya mtaani hayakuwa na saizi ya mtoto. Mama yake, mke wa mwanangu, akaagiza mtandaoni. Yeye hushona katika kiwanda cha nguo, na huko simu huachwa getini, kwa hiyo aliandika namba yangu. Akaniambia, "Mama, wakipiga, wewe pokea tu."

Walipiga mara moja, nikapokea, wakakata; kisha siku zikapita bila mzigo. Mwishowe nikawapigia mimi. Sauti ya mashine ikanieleza kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao, kisha ikaniwekea muziki, nikausikiliza mpaka nikaujua. Akaja binti mmoja. Akasema mzigo umeshapokelewa. Nikamwambia humu ndani sijaona hata mfuko. Akasema kompyuta inaonyesha nimethibitisha kwa kinywa changu.

"Labda umesahau, bibi. Umri nao." Akakata.

Maneno yale yalinitia baridi. Nilipekua chini ya kitanda, kabatini, hata ndani ya pipa la unga. Mchana kutwa mtoto huyu yuko mikononi mwangu peke yangu. Ikiwa kichwa kimeanza kuniacha, nitasahau nini kingine? Dawa? Moto jikoni?

Adhuhuri upepo ukaleta vumbi. Fundi seremala wa mlango wa pili alikuwa akipiga msasa milango, na aliposikia Kidoti anakohoa aliacha kazi bila kuombwa, akamwagia maji uwanja wote. Lakini kifua kilikwisha kuanza kulia filimbi. Niliwasha mashine, nikaikandamiza barakoa kwa mikono miwili. Dawa ikanirudia usoni.

"Bibi, unalia?" akauliza Kidoti.

"Ni mvuke, mama. Vuta."

Fundi akaingia, akamtazama mtoto midomo, akatoka haraka kutafuta teksi, maana hospitali iko ng'ambo ya mji. Aliporudi, teksi ikiwa njiani, nilimwomba apige tena ile namba kwa spika, anishikie simu karibu. Tukapewa muziki. Nikahesabu pumzi za mtoto juu ya muziki ule, na kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Safari hii alikuja kijana. Alianza kusema mzigo umepokelewa, halafu akajikatiza.

"Bibi, hiyo sauti ni ya nini?"

"Ni mjukuu wangu anatafuta hewa."

Akaniomba nisubiri, hakuniwekea muziki. Alikuwa anasikiliza ile simu waliyonipigia awali, maana wao huzirekodi. Aliporudi alizungumza polepole.

"Waliokupigia walikuuliza, 'Umepokea?' Ukajibu, 'Nimepokea, mwanangu, nakusikia vizuri.'"

"Sasa si nilikuwa nimepokea simu?"

Fundi akajishika kichwa. "Neno moja limebebeshwa mizigo miwili," akasema.

Kijana akaeleza kwamba mzigo uko ghalani kwao, umetupwa upande wa kazi zilizokwisha, kwa hiyo hakuna aliyeuangalia. Ghalani yeye haruhusiwi kuingia. Akasema hatakata simu. Nikamsikia anatembea, kisha anakimbia, mlango wa chuma, mtu anamfokea, yeye anajibu, "Mtanifukuza kesho." Kisha akamkabidhi mwendeshaji mzigo, pikipiki ikawaka.

Teksi ilikuwa imefika, mlango wazi. Dereva akasema twende. Nami niliogopa kwenda: njiani hakuna umeme, mashine ingezimika. Niliogopa na kubaki, maana midomo ya Kidoti ilikuwa na rangi ya majivu. Dereva hakunihimiza tena. Aligeuza gari likaelekea barabarani, akakaa tayari, mikono kwenye usukani.

Pikipiki ilifika kabla sijaamua. Mwendeshaji alichana mfuko kwa meno, fundi akaunga barakoa kwenye mpira wa mashine, tukamvika. Mvuke ulijaa ndani bila kutoroka hata kidogo. Filimbi iliendelea, ikaendelea, mpaka nikadhani tumechelewa. Kisha mabega ya mtoto yakashuka kidogo. Yakashuka tena.

Nje dereva akazima injini.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa fundi, nayo ilikuwa inaongea. Niliichukua.

"Bibi," kijana akasema, "anapumua?"

Nikaiweka simu karibu na kifua cha Kidoti, asikilize mwenyewe.