Mchoyo na Mlevi

Pale kituo cha mbegu walimwita Mama Ngano, na asubuhi hiyo Mama Ngano alikuwa ameinama juu ya mizani, kichwa kikimzunguka kama pia.

Alikuwa amezilea aina mbili za ngano, ndugu wa damu, zilizotofautiana kwa kipande kidogo tu cha urithi. Moja aliiita Mchoyo: jua likikaza, inafumba vitundu vya majani yake na kubana maji. Ya pili Mlevi, maana ilikunywa kutwa nzima. Alipozijaribu kwenye ndoo, kila moja na maji kipimo kilekile, udongo umefunikwa plastiki hadi shingoni mwa mmea, Mlevi ilimaliza maji ikakauka na masuke matupu. Mchoyo ikazaa. Lakini kwenye shamba la kituo, kwa ukame uleule, Mlevi ndiyo iliyozaa, na Mchoyo ikatoa punje nyembamba kama kucha za mtoto mchanga.

Na leo gari lilikuwa linapeleka mbegu kwa wakulima. Aina moja tu. Akikosea, watu wale watavuna makapi.

"Umeamua, mwanangu?" mkuu wa kituo alichungulia mlangoni.

"Bado, mzee. Nikishika huku, kule kunaponyoka."

Akamwita shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa mchimbaji pale kituoni. Wakashuka shambani na sururu.

"Shemeji, tunatafuta hazina?"

"Tunatafuta nani kanidanganya, ndoo au shamba."

"Basi tuchimbe taratibu, mshitakiwa asije akatoroka."

Wakachimba handaki kando ya mistari miwili. Mizizi ya Mchoyo iliishia kwenye kina cha goti la shemeji. Ya Mlevi ilishuka, ikashuka, myembamba kama nyuzi za kushonea, mpaka kina cha kifua chake, kwenye udongo mweusi wenye ubaridi. Mama Ngano akaugusa kwa kiganja. Unyevu!

"Ahaa! Kwenye ndoo iligonga kitako ikakosa pa kwenda!"

"Kesi imekwisha. Tupakie Mlevi."

Akacheka naye, akapanda juu, akaanza kufunga gunia la Mlevi. Katikati ya fundo mikono ikasita. Je, na kule kwa wakulima? Kama chini ya udongo wao kuna mwamba, shamba lao lote si ni ndoo tu, ila pana? Nani aliwahi kuchimba kule? Furaha yote ikamtoka. Sasa alijua mengi kuliko asubuhi, na kuchagua kumekuwa kugumu zaidi.

Honi ikalia. Mkuu akaja mbio. "Gunia lipi, jamani? Dereva anaondoka!"

"Yote mawili, mzee. Na mimi, na shemeji, na sururu."

"Nilisema moja! Kwani hujui unachokitaka?"

"Sijui," akasema, huku akipanda nyuma ya gari na kukalia magunia. "Tutapanda moja, mzee. Ila kwanza nikachimbe kwao."