Paka wa Anne-Marie na Mbwa Aliyeitwa Colonel

Jioni ile Salomon Kahongya alikuwa amechuchumaa uani kwake, mtaani Kimemi, akipepea makaa kwa kifuniko cha ndoo, sufuria ya maharagwe juu ya jiko la mbabula. Moshi ulimwingia machoni. Akautukana, kisha akaitukana serikali, maana makaa yalikuwa na unyevu na alijua hata hilo ni kosa la nani. Kando yake kulikuwa na kiti kifupi, juu ya kiti kikwembe, kitenge cha kijani cha kwaya ya akina mama, na juu ya kikwembe paka. Jua lilipokaribia kuzama, mkewe Anne-Marie aliingia kwa mlango wa uani kama kawaida, akamnyanyua paka kwa mkono mmoja, mwingine umeshika leso shingoni, akakaa, akampakata.

Anne-Marie alikuwa amekufa tangu mwaka uliopita, kwenye barabara ya Beni, ndani ya gari lililojaa magunia ya muhogo. Magari yale yalitakiwa kusindikizwa na wasoda, askari wa serikali. Wasoda walisimama njiani kumalizia bia yao, bière, wakawaambia madereva watangulie, hali iko sous contrôle, imedhibitiwa. Mbele waasi walikuwa wanangoja. Tangu azikwe, alikuja kila jioni kumwona paka wake. Majirani walimsalimia kupitia ua wa miti. Hakuwa na maneno mengi. Aliuliza kama Kahongya amekula, akamkuna paka nyuma ya masikio, na giza likishika akaenda zake. Kahongya hakuomba zaidi. Alikuwa mtu wa daraja la tatu, maisha yake yote wakubwa wamemtupia makombo tu. Haya ya sasa walau yalikuwa na sura ya mkewe.

Kisha Léa akafika. Léa, mdogo wa Anne-Marie, alitoka Manguredjipa kwa miguu akikimbia waasi, godoro kichwani na mbwa nyuma. Mumewe Muyisa alikuwa amebaki kule chini ya migomba, bila hata msalaba. Muyisa ndiye aliyempa mbwa jina la Colonel, kwa sababu alikula sana na hakuwahi kumkimbiza mwizi.

Mwizi hapana, lakini paka ndiyo. Colonel alipoingia tu uani alimrukia, na paka akapanda juu ya mabati akakataa kushuka. Jioni Anne-Marie alikuta kiti kitupu. Alitazama juu, akamtazama mbwa, akasimama mlangoni mpaka giza. Kesho yake hakufika mlangoni. Alisimama chini ya mparachichi wa jirani. Siku iliyofuata alisimama ng'ambo ya barabara, pikipiki zikawa zinapita katikati yao, na Kahongya hakuuona uso wake vizuri.

“Léa, huyu imbwa aende,” alisema. “Dada yako iko nanipotea.”

“Akienda, na miye naenda, shemeki. Donc unionyeshe fasi ya kwenda.”

Kahongya hakuwa na mahali pa kumwonyesha. Akaenda kwa Zorobabel, chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, akamkuta mbele ya nyumba yake ananyolewa ndevu. Zorobabel hakugeuza shingo.

“Batu ya Manguredjipa, batu ya Beni, bote banakuya na bimbwa yabo. Mais nifanye nini? Situation iko sous contrôle.”

“Ni maneno ileile balimwambia bibi yangu.”

“Ah, Papa Salomon. Na maman, anaendelea?”

“Anasimama mu barabara.”

“Bon. Umusalimie.”

Aliporudi, Léa alikuwa amempaka Colonel majivu ya mbabula. Mama yake alifanya hivyo akinunua mbuzi mgeni, ili anuke jiko la nyumbani na wenyeji wasimpige pembe. Colonel alipiga chafya tu, na juu ya mabati paka akatoa kucha. Ndipo Léa akasema wabadilishiwe matandiko, kila mmoja alale katika harufu ya mwenzake. Koti kuukuu alilolalia Colonel likatupwa kwa paka juu ya mabati. Kikwembe cha kijani kikatandikwa chini ya Colonel.

Hapo walikosea. Siku ya kumaliza kilio, nguo zote za marehemu hugawiwa kwa ndugu, ili mwenyewe asijue tena pa kurudia. Lakini siku ya kugawa Kahongya alikuwa ameficha kikwembe cha mkewe, na Léa ameficha koti la mumewe. Jioni hiyo Anne-Marie alivuka barabara, akaingia moja kwa moja, akakaa kando ya mbwa. Na juu ya mabati akaonekana Muyisa kakaa na paka, miguu inaning'inia, matope ya Manguredjipa kwenye buti zake.

“Léa,” alisema kutoka juu, “huku ni wapi?”

“Ni Kimemi, kwa shemeki. Shuka.”

“Ngazi iko?”

Kahongya akaenda kwa jirani kuazima ngazi.

Muyisa alishuka na paka kwapani. Léa akashona koti na kikwembe pamoja kwa uzi mweusi, akatandika kando ya mbabula. Paka alimzaba Colonel kofi la pua. Colonel akalia, akajikunja ukingoni. Jioni baada ya jioni ukingo ule ukasogea, hadi paka akawa analala juu ya tumbo la mbwa, Anne-Marie upande huu, Muyisa upande ule. Kahongya aliwatazama, akakaribia kufurahi. Alinyoosha mkono amshike mkewe. Lakini mkono mmoja wa Anne-Marie ulikuwa juu ya paka, na mwingine umeshika leso kwenye jeraha la shingoni, na asingeweza kuiachia.

Zorobabel alisikia habari, akaja kutazama. Aliwasalimia wote, wazima na wafu, akapewa kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kikombe.

“Munaona?” alisema. “Pusi na imbwa! Hii ndiyo paix, amani tunabaambiaka kila siku. Nitaisema ku bureau.”

“Chef,” Anne-Marie aliuliza, “bale basoda, balimaliza ile bière?”

Zorobabel alipangusa povu mdomoni.

“Dossier ya kesi iko Kinshasa, maman. Mais barabara sasa iko muzuri.”

Akaaga. Colonel alimpisha njia wala hakubweka.

Haikupita wiki, kijana mmoja akasimama mlangoni jioni, kofia ya motard kichwani, pikipiki hana. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke mwenye kikapu cha samaki wakavu na mzee mwenye Biblia.

“Hodi. Tunatoka ku barabara ya Beni. Batu banasema hapa hata pusi na imbwa banalalaka fasi moya.”

Kahongya alitazama viatu vyao. Vumbi lilikuwa bado jipya.

“Leo?”

“Leo asubui, papa.”

“Na escorte ya basoda?”

“Balituambia tutangulie.”

Paka alinyanyuka, akanyoosha mgongo. Colonel akasogea, na paka akasogea naye, pakawa na nafasi. Léa alitafuta sindano yake, akaomba kwa kila mmoja kipande cha nguo. Anne-Marie aliwauliza kama wamekula.

Kahongya akaitukana serikali kwa sauti ndogo, kisha akaongeza maji kwenye maharagwe.