Sauti Si Sehemu Muhimu

Taarifa ya fundi ilikuwa na mistari mitatu, na mkuu wangu wa idara alinisomea yote Alhamisi asubuhi, amesimama mbele ya meza yangu huku anatafuna kitu.

"Mazabodi imebadilishwa. Kompyuta inafanya kazi kwa asilimia mia, na sauti si sehemu muhimu ya matumizi ya ofisi. Tatizo lililobaki ni la mtumiaji."

Mtumiaji ni mimi. Na mimi ni kipofu.

Naomba nieleze taratibu, maana nikieleza kwa kasi nitatukana. Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za vikao vya baraza la ardhi na kuziandika neno kwa neno: nani kadai mpaka unapita wapi, nani kakana, nani kaapa kisha akajikanganya. Nimeifanya miaka tisa. Kioo cha kompyuta sikioni wala sikihitaji, kwa sababu ndani ya mashine mna programu inayonisomea kwa sauti kila kilichoandikwa, mpaka herufi ninayoibonyeza. Naiita Kasuku. Kasuku akisema, hakuna mtu kwenye ghorofa ile anayeandika haraka kunishinda. Kasuku akinyamaza, nimekaa mbele ya sanduku la bati.

"Kwa hiyo," mkuu akaendelea, "kesho saa nne nasaini barua ya kukuhamishia mapokezi, kwenye simu. Na sauti yako ilivyo nzuri, dada yangu, wageni watafurahi."

Kilemba cha ukoka hicho, nakijua. Nimevishwa tangu nikiwa shule. Ukiwa huoni, watu hukusifia sauti, hukusifia subira, kisha hukuonyesha kiti kilicho karibu na mlango.

"Mkuu, mimi siyo mbovu. Ni mashine ndiyo haisemi."

"Fundi kasema inafanya kazi."

"Fundi ana macho."

"Ndiyo maana tukamwita," akajibu, akaenda zake.

Huyo fundi sisi tulimwita Bwana Safi. Si kwa usafi wa mwili, Mungu anisamehe, ila kwa kuwa hapakuwa na swali asilolijibu hivyo. Wiki iliyotangulia umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mashine yangu ikatoa harufu ya kuungua na kufa palepale. Jumatatu akaja na mazabodi nyingine, ule ubao mkubwa wa ndani ambao vifaa vyote vya kompyuta vimejishikiza. Akafungua, akafunga, akapuliza vumbi, akawasha.

"Safi! Picha inaonekana safi kabisa, dada."

"Inaonekana na nani?"

Akacheka, akidhani natania. Nikamweleza kwamba kwangu picha haina kazi, nataka sauti. Akasema ameshaweka draiva zote. Draiva ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kuelewana na kifaa chake. Bila hiyo, kifaa kipo lakini ni kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba. Alizitoa kwenye sidi iliyokuwa ndani ya bahasha yenye namba ya mashine yangu, kwa hiyo, kwa hesabu zake, lazima ziwe zenyewe. Nikamwambia sauti hakuna. Akasema niwe mvumilivu. Jumanne nikamwambia tena. Jumatano nikamwambia mara mbili, asubuhi na mchana. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Huyu aliambiwa mara nne.

Niliomba angalau vifaa vya masikioni vya kuchomeka kwenye USB, maana vile huja na sauti yake vyenyewe na havitegemei mazabodi. Nikaambiwa nijaze fomu ya maombi kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta ipi? Siku zote tatu, kila nilipopeleka mkono nyuma ya mashine, Bwana Safi alinishika kiganja: "Acha, dada, umeme huo!" Nilikuwa nachomeka waya mashine ile yeye akiwa bado anajifunza kushika bisibisi.

Alhamisi hiyo, mkuu alipoondoka, damu ilinichemka nikasema liwalo na liwe. Nikapeleka mkono nyuma ya sanduku.

Matundu ya sauti ya mashine yangu nayajua kama meno yangu. Yalikuwa sita, mistari miwili ya matatu matatu, na langu lilikuwa la katikati chini. Nikapapasa. Moja, mbili, tatu. Nikapapasa tena, nikadhani nimeruka. Yalikuwa matatu tu, kwenye mstari mmoja.

Nikampigia simu Bwana Safi.

"Fundi, hii mazabodi uliyoweka ni sawa na ile iliyoungua?"

"Ni ileile, dada. Nimeiona kwa macho yangu."

"Ile ilikuwa na matundu sita. Hii ina matatu. Umeweka ubao mpya, ukaupa draiva za ubao uliokufa. Chipu ya sauti ni nyingine, itaelewaje?"

Nikasikia redio upande wake.

"Taarifa nimeshaandika, dada," akasema. "Ikishaandikwa haibadilishwi." Akakata simu.

Sasa niseme ukweli: nililia kwa hasira. Si kwa huzuni, kwa hasira. Miaka tisa ya kazi isiyo na doa inafutwa na mtu asiyeweza kuhesabu matundu! Kisha nikapangusa uso nikampigia mama mkwe.

Mama mkwe wangu alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Anaishi mitaa miwili kutoka ofisini. Wengine hupewa mama mkwe wa kuchunguza sufuria. Mimi nilipewa wa kugombana na dunia kwa niaba yangu. Saa saba, watu walipokwenda kula, nikasikia viatu vyake vikipanda ngazi.

"Nani kakuonea?" Salamu ilikuwa hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuonea?"

Nikamweleza huku nachomoa waya wa umeme. Nyuma ya sanduku kuna skrubu mbili za kufungua kwa vidole. Nikazifungua, nikavuta ubavu wa bati. Mama akavaa miwani, akawasha tochi ya simu yake, akaingiza kichwa.

"Tafuta maandishi makubwa kidogo, mama, katikati ya ubao. Jina la kampuni na namba ya toleo."

"Makubwa! Haya walimwandikia nani, sisimizi?" Akavuta pumzi, akaanza kunisomea herufi moja moja, kwa sauti ile ya ubaoni iliyofundisha nusu ya mtaa, na kila herufi akisubiri niirudie. Niliporukia namba mbili kwa pamoja akanikemea: "Taratibu. Haraka ndiyo iliyomfanya fundi wenu kuwa fundi."

Simu yangu nayo husoma kwa sauti. Nikaingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza ule ubao, nikaandika namba, nikapata draiva ya sauti na ya mtandao, maana mtandao wa mashine nao ulikuwa umekufa na ndiyo sababu isingeweza kujitafutia yenyewe. Nikazipakua kwenye simu. Nikafunga sanduku, nikarudisha umeme, nikaunganisha simu na mashine kwa waya.

Kuanzia hapo mikono ilikuwa yangu, macho ya mama. Bwana Safi alikuwa amejisahau humo ndani, aliiacha mashine ijifungue yenyewe kwenye akaunti ya msimamizi, na ilipowaka haikuuliza nenosiri. Uzembe wake huo ulikuwa msaada pekee alionipa wiki nzima.

"Sasa naona orodha ya vifaa," mama akasema. "Kuna pembetatu ya njano kwenye sauti. Ndani ina alama ya mshangao. Na nyingine kwenye mtandao."

Nikaanzisha draiva mpya ya sauti. Mama akasubiri, akasema mstari wa kijani unakwenda, unakwenda, umesimama. Kisha akanisomea ujumbe: imeshindikana.

Ilikuwa saa saba na nusu. Saa nane watu wangerudi, mkuu angenikuta nimeifungua mali ya ofisi, na hapo barua ya mapokezi ingekuwa ndiyo zawadi.

"Rudia," mama akasema.

"Kurudia hakusaidii. Kuna kitu kinaizuia." Nikafikiri. Kisha nikajiona mjinga kupita fundi. Ile draiva ya ubao uliokufa ilikuwa bado imekalia kiti! "Rudi kwenye pembetatu, mama. Tunafuta ya zamani kwanza. Na ikiuliza kama tufute na mafaili yake, kuna kisanduku cha kuweka tiki."

"Nakiona. Weka."

Nikaweka. Tukafuta. Tukazima, tukawasha. Tukaweka mpya, mstari wa kijani ukaenda mpaka mwisho. Tukazima tena, tukawasha tena. Nikachomeka spika kwenye tundu la kwanza, nikaziweka mezani, nikakaa na mikono mapajani. Mama akanishika bega.

"Karibu," Kasuku akasema.

Nililia tena, safari hii sijui kwa nini.

"Mbona anaongea kama ana mafua?" mama akauliza, na yeye sauti yake ilikuwa na mafua vilevile.

Tulikuwa bado tunapangusana machozi mkuu aliporudi, na nyuma yake viatu vya katibu wake muhtasi.

"Huyu mama ni nani? Na nani ameruhusu mashine iguswe?"

"Ni mama mkwe wangu. Mashine inasema, mkuu. Tatizo lilikuwa draiva, siyo mtumiaji."

"Fundi amechunguza siku tatu, wewe umeitengeneza saa ya chakula?" Akacheka kidogo. Ule mcheko naujua pia. "Haya, isome kitu basi. Chochote. Tusikie."

Sikuwa na hila yoyote, naapa. Nilifungua orodha ya mafaili ya karibuni nikabonyeza la juu kabisa, nikiamini ni mashauri ya mpaka niliyoyaacha nusu kabla umeme haujaniunguzia mashine. Spika nilikuwa nimezifungua mpaka mwisho. Kasuku akaanza, kwa Kiswahili chake cha puani, bila haya wala kituo:

"Jumanne. Yah: Uhamisho wa ndani. Kwa kuwa taarifa ya fundi imethibitisha kwamba huwezi tena kumudu kazi za kompyuta, unahamishiwa mapokezi kuanzia Ijumaa. Ofisi inakushukuru kwa..."

Nikabonyeza akanyamaza.

"Nani aliandika hii kwenye mashine yangu?" nikauliza.

Katibu muhtasi akajibu haraka, kama mtu anayetua mzigo usio wake. "Mimi, Jumanne mchana. Ya kwangu ilikuwa imegoma. Uliniambia niharakishe, mkuu."

"Hiyo ni rasimu tu," mkuu akasema.

"Rasimu ya Jumanne. Na fundi ameandika taarifa yake lini?"

Karatasi ya taarifa ilikuwa bado mezani pangu alipoiacha asubuhi. Mama mkwe akaichukua, nikasikia anaigeuza.

"Jumatano," akasoma. "Bwana mkubwa, mimi nimefundisha watoto wa miaka sita. Hata wao wanajua Jumanne inatangulia."

Basi nikaelewa yote, na kuelewa huko kuliniuma kuliko kimya cha siku tatu. Hapakuwa na uchunguzi. Kiti cha mapokezi kilikuwa kitupu, na mashine iliponyamaza wakaona wamepata pa kuninyamazisha na mimi. Fundi aliagizwa aandike kinachofaa, akaandika. Wote wawili walikuwa wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mmoja akiniita dada, mwingine dada yangu.

"Ifute hiyo barua," mkuu akamwambia katibu wake.

Nikasikia anasogea. Nikakifunika kipanya cha kompyuta kwa kiganja.

"Haifutwi," nikasema. "Ulisema unaisaini kesho saa nne. Kwa nini tungoje? Kalamu unayo, nimekuwa nikiisikia unavyoibonyezabonyeza tangu uingie. Nitaichapa sasa hivi, uisaini hapa mbele yetu. Weka tarehe ya leo, wakati mashine inasema na mimi naandika. Halafu nitaipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi, pamoja na taarifa ya Jumatano."

Kama angesaini, ningefanyaje? Nina watoto wawili shuleni na mume anayelipwa siku akiitwa kazini. Lakini sikuondoa mkono.

Kalamu ikabonyezwa mara moja. Kisha nikasikia kibanio chake kikikwaruza kitambaa cha mfuko wa shati.

"Endelea na kazi yako," akasema, kwa sauti ndogo.

"Samahani, mkuu," nikasema. "Sikusikia."

Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Nilitaka aseme tena, na safari hii kila mtu asikie.

Akasema.